Carothers: mkemia aliyeiacha poliesta kwa sababu maji yaliivunja

Kwa mujibu wa sheria, muuza maharagwe wa Gashoho, katika eneo la Muyinga kaskazini mashariki mwa Burundi, hana ruhusa ya kumfungia mteja bidhaa katika mfuko wa plastiki. Amri ya rais ya Agosti 2018 ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko hiyo. Watu walipewa miezi 18 ya kumaliza ile waliyokuwa nayo, na muda huo ukaisha Februari 2020. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Kitu kile kile kinachoitwa sashe Burundi, rambo Tanzania na juala Kenya kimegeuka kuwa mali ya magendo mipakani.

Hata hivyo amri ya Burundi iliacha mlango mdogo wazi. Plastiki inayooza haikuguswa, wala ile inayohitajika hospitalini. Na plastiki inayotajwa sana kila watu wanapozungumzia kuoza ni poliesta ya asidi ya laktiki, ambayo wakemia huiita polilaktaidi. Asidi yenyewe si ngeni. Ndiyo inayoyapa ukali maziwa ya kivuguto yanayonywewa Burundi na Rwanda, yale ambayo Wakenya huyaita mala na Watanzania mtindi.

Miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwa utaratibu wa kisayansi jinsi asidi hiyo inavyoweza kufanywa mnyororo, na jinsi mnyororo huo unavyorudi kuwa vipande, ni Mmarekani Wallace Hume Carothers. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1932, kisha jambo lenyewe likawekwa kando, kwa kuwa kampuni iliyomwajiri ilitafuta nyuzi ambazo maji hayaziharibu. Miaka mitano baadaye Carothers alikuwa amekufa, akiamini kwamba ameshindwa kazi.

Alizaliwa Aprili 27, 1896, mjini Burlington, jimbo la Iowa, na kukulia Des Moines. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake, Ira, alikuwa mwalimu katika chuo cha biashara cha mji huo, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wake. Kijana alipomaliza sekondari mwaka 1914 hakwenda moja kwa moja kwenye sayansi, bali alianza kwa kusomea uhasibu katika chuo hicho hicho cha baba. Alimaliza Julai 1915, na Septemba akajiunga na chuo kidogo cha Tarkio, jimbo la Missouri, ambako alijilipia masomo kwa kuwafundisha wenzake masomo ya biashara.

Alianza na Kiingereza, lakini mwalimu wa kemia, Arthur Pardee, akamvuta upande wake. Pardee alipohamia kwingine vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeondoa walimu wengi, na chuo hakikupata mtu wa kushika nafasi yake. Basi Carothers, mwanafunzi ambaye hakupelekwa jeshini kwa sababu ya maradhi ya tezi, akapewa darasa la kemia alifundishe. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuchelewa kwake: alipata shahada ya kwanza mwaka 1920, akiwa na miaka 24.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Chuo Kikuu cha Illinois kilimpa shahada ya uzamili mwaka 1921 na ya uzamivu mwaka 1924, chini ya Roger Adams, ambaye aliendelea kuwa rafiki na mshauri wake hadi mwisho. Katikati alifundisha mwaka mmoja South Dakota. Mwaka 1926 alichukuliwa na Harvard. Huko alijulikana kuwa mtu wa fikra nzito na maneno machache, ambaye kusimama mbele ya darasa kubwa kulimchosha kuliko kukesha maabara. Tangu ujana alikuwa na vipindi vya huzuni nzito vilivyomjia bila taarifa na kumwacha hana nguvu ya kufanya lolote. Wakati huo dawa ya kuaminika haikuwapo, na neno la kuyaeleza maradhi hayo kwa familia nalo lilikuwa gumu kupatikana. Katika miji mingi ya ukanda huu bado ni hivyo.

Kampuni ya DuPont, yenye makao yake Wilmington, jimbo la Delaware, ilimfuata mwaka 1927. Mkurugenzi wake wa kemia, Charles Stine, alikuwa amewashawishi wakubwa kufungua maabara ambayo haitaulizwa faida ya mwezi, bali itachunguza misingi. Wakemia wa idara nyingine waliitania kwa kuiita jumba la usafi. Carothers alikataa kwanza, akieleza wazi kuwa maradhi yake ya moyo na akili yangekuwa kikwazo kikubwa zaidi kiwandani kuliko chuoni. Ni waombaji kazi wachache wanaomwambia mwajiri jambo kama hilo. Kampuni ilituma mtu hadi Harvard kumbembeleza, ikaongeza mshahara hadi dola 500 kwa mwezi, karibu mara mbili ya alizokuwa akipata, naye akaanza kazi Februari 1928.

Alikuja na swali moja. Wakati huo wanasayansi walikuwa wakibishana kuhusu mpira, hariri, pamba na wanga. Mjerumani Hermann Staudinger alisema vitu hivyo ni molekuli ndefu mno, maelfu ya vipande vilivyoungana katika mnyororo mmoja. Wengi walimpinga. Waliona ni molekuli ndogo zilizojikusanya tu, zikishikana kwa nguvu zisizojulikana vizuri. Carothers hakutaka kubishana kuhusu vitu vilivyokwisha kuumbwa na mimea au wadudu. Aliamua kuujenga mnyororo mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa mmenyuko ambao kila mwanafunzi wa kemia anaujua, ili mwisho wake asiwepo wa kuuliza ndani mna nini.

Mmenyuko aliouchagua ni ule wa asidi na alkoholi. Vikikutana hushikana, hutoa maji, na kinachobaki huitwa esta. Ukichukua asidi yenye ncha mbili na alkoholi yenye ncha mbili, kila molekuli inakuwa kama mtu mwenye mikono miwili: mmoja umshike wa kulia, mwingine wa kushoto. Mstari unarefuka, na jina lake ni poliesta, yaani esta nyingi.

Ugumu uko katika hesabu, na hesabu hiyo leo inabeba jina la Carothers katika vitabu vya kemia. Tuseme mikono 95 katika kila 100 imekwisha kushikana. Mtu angedhani kazi imekaribia kuisha. Lakini wastani wa mstari hapo ni watu 20 tu. Ikishikana 99, wastani ni 100. Ikishikana 99 na nusu, wastani ni 200. Urefu wenye manufaa unapatikana mwishoni kabisa, katika ile asilimia moja ya mwisho, na hapo ndipo maji yanapoleta shida, kwa sababu maji yale yale yanayotoka wakati wa kushikana hugeuka na kuachanisha mikono. Asiyeyaondoa yote hapati uzi, anapata kitu kama nta.

Mwaka 1930 ulikuwa wa ajabu katika maabara hiyo. Mwezi Aprili, msaidizi wake Arnold Collins alipata mpira wa kutengenezwa ambao leo unajulikana kama neoprini, unaotumika katika mikanda ya injini na mabomba kwa kuwa mafuta hayauharibu upesi. Mwezi huo huo Julian Hill, akitumia mtambo uliovuta maji kwa joto na ombwe kali, alirefusha mnyororo wa poliesta hadi uzito wa molekuli ukapita 12,000. Alipochovya kijiti na kukivuta, kikafuatwa na uzi. Uzi ulipopoa, ukavutwa tena ukiwa baridi, ukarefuka mara kadhaa, ukang'aa na kuwa na nguvu kama hariri. Inasimuliwa kwamba vijana wa maabara walikimbizana na nyuzi hizo katika ukumbi wakati mkubwa wao hayupo.

Furaha haikudumu. Poliesta hizo ziliyeyuka katika joto lililo chini ya maji yanayochemka, na vimiminika vya kufulia viliziharibu. Shati lisiloweza kupigwa pasi wala kufuliwa halina mnunuzi. Carothers na Hill walieleza kasoro hiyo bila kuificha.

Hapo ndipo laktaidi inapoingia, na inaingia kwa njia ya upande. Katika kutafuta minyororo mirefu, Carothers aliona kwamba mara nyingine molekuli hazitaki kupanga mstari. Zinajikunja na kufunga pete. Kwa mkemia anayetaka uzi, pete ni hasara. Yeye akaamua kuzichunguza hizo pete zenyewe, akaandika mfululizo mrefu wa makala kuhusu upolimishaji na ufungaji wa pete. Ya kumi, iliyotoka mwaka 1932 akiwa na G. L. Dorough na F. J. van Natta, ilihusu esta za pete zenye atomi sita. Laktaidi ni mojawapo.

Asidi ya laktiki ilitambuliwa na Scheele huko Sweden mwaka 1780, katika maziwa yaliyochacha. Mwaka 1845 Mfaransa Pelouze aliipasha moto ili kuitoa maji. Ina sifa ya pekee: molekuli moja ina mkono wa asidi na mkono wa alkoholi kwa pamoja, kwa hiyo haihitaji mwenzi wa aina nyingine. Inaweza kujipanga mstari yenyewe. Lakini molekuli mbili zinaweza pia kugeukiana na kushikana mikono yote miwili, kama watoto wawili wanaocheza kwa kuzunguka. Hiyo ndiyo laktaidi.

Pete ya watoto wawili ina faida ambayo mstari wa mtu mmoja mmoja hauna. Maji yamekwisha kutoka wakati pete inafungwa. Ukiifungua na kuiunganisha na nyingine, hakuna maji mapya ya kuondoa, kwa hiyo ile vita ya asilimia moja ya mwisho inaepukwa. Carothers na wenzake walionyesha kwamba pete hizo za atomi sita hufunguka zikipashwa moto na kuwa mnyororo, na kwamba mnyororo ukipashwa zaidi katika ombwe hurudi kuwa pete. Mmenyuko unakwenda na kurudi. Miaka miwili baadaye kundi hilo lilifanya kazi kama hiyo kwa kaprolaktoni, pete nyingine ambayo leo nayo hutumika kutengeneza plastiki inayooza.

Minyororo ya laktaidi ya mwaka 1932 ilikuwa mifupi, na tabia yake ilikuwa ile ile ya ndugu zake: maji yaliivunja. Katika daftari la kiwanda cha nguo hilo ni kosa. Na DuPont ya wakati huo ilikuwa imebadilika. Stine alipandishwa cheo Juni 1930, nafasi yake ikashikwa na Elmer Bolton, aliyetaka utafiti wenye bidhaa mwishoni. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na jumba la usafi halikuweza kuendelea kuishi bila kuulizwa gharama.

Bolton alimsukuma Carothers arudi kwenye nyuzi. Mwanzoni mwa mwaka 1934 akarudi, lakini safari hii aliacha esta akashika amidi, kifungo kile kinachounganisha hariri na sufu, ambacho ni kigumu zaidi kwa maji na joto. Mei 1934 Donald Coffman alivuta uzi wa kwanza mzuri wa aina hiyo. Februari 28, 1935, Gerard Berchet, akifuata maelekezo ya Carothers, alitengeneza ile ambayo ulimwengu ungeiita nailoni. Iliyeyuka karibu na nyuzi joto 260. Pasi haikuiweza, wala maji.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1933 Carothers aliwaleta wazazi wake waishi naye karibu na Wilmington, mwaka uliofuata wakarudi Des Moines baada ya mvutano mwingi. Vipindi vya huzuni vilikaribiana. Februari 1936 alimwoa Helen Sweetman, aliyefanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni hiyo. Aprili mwaka huo alichaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mkemia wa kwanza wa kaboni kutoka kiwandani kupata heshima hiyo. Juni alikuwa amelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili Philadelphia.

Alijishawishi kwamba mawazo yamemwishia na kwamba hana alichotimiza. Marafiki walimwonyesha orodha ya kazi zake, haikusaidia, maana ugonjwa wa aina hiyo hauhesabu kama wanavyohesabu watu wazima wa afya. Januari 8, 1937, dada yake mpenzi Isobel, msanii wa redio aliyejulikana Marekani nzima, alifariki kwa homa ya mapafu. Carothers hakuinuka tena kutoka kwenye msiba huo. Aprili 29, 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, alijiua hotelini Philadelphia. Maombi ya hataza ya nyuzi za nailoni yalikuwa yamepelekwa wiki tatu kabla. Helen alikuwa mjamzito, na binti yao, Jane, alizaliwa Novemba.

Nailoni ilitangazwa Oktoba 1938 na soksi zake zikaanza kuuzwa Marekani nzima Mei 1940. Baada ya vita ilifika katika maziwa makuu ya Afrika kwa sura ya nyavu, zikachukua nafasi ya zile za pamba na katani zilizokuwa zikioza upesi zisipokaushwa. Wavuvi wa Victoria na Tanganyika walizipokea kwa sababu ile ile ambayo leo inawatesa: wavu wa nailoni uliopotelea ziwani hauozi, unaendelea kuvua bila mwenyewe.

Hata poliesta ilifufuka, ila si ya Carothers. Mwaka 1941 Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, walisoma kazi zake wakaona pengo aliloliacha: hakuwa ametumia asidi ya tereftali, yenye pete ngumu ya kaboni katikati. Wakaitumia, wakapata poliesta isiyojali pasi wala maji. Ndiyo iliyojaza mashati ya mitumba, na ndiyo chupa za maji zinazozibwa mitaroni kutoka Bujumbura hadi Mombasa.

Ile dhaifu ilisubiri. Mwaka 1954 DuPont ilipata hataza ya kutengeneza minyororo mirefu zaidi kwa kuisafisha pete kwanza, lakini bado hapakuwa na mteja wa kitu kinachovunjwa na maji. Mteja alitokea mahali ambapo hapakutarajiwa, ndani ya mwili wa binadamu. Kwa miaka mingi madaktari walishona kwa nyuzi za utumbo wa kondoo au ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja nyuzi za poliesta zinazoyeyuka, na mojawapo iliyoenea sana imefanywa kwa sehemu 90 za glikolaidi na 10 za laktaidi, pete zote mbili za atomi sita, kutoka familia ile ile iliyochunguzwa mwaka 1932. Mwanamke anapojifungua kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya, na Gashoho ina yake, mshono wa ndani haufunguliwi. Maji ya mwilini huukata uzi taratibu, na katika miezi miwili hivi umekwisha. Kwa mama anayeishi mlimani mbali na hospitali, hiyo ni safari moja iliyopunguzwa.

Kutoka uzi wa daktari hadi kikombe na mfuko ni suala la gharama, na gharama inategemea njia ya kupolimisha. Njia ya kwanza ni ile ya kupanga asidi yenyewe mstari na kuvuta maji. Ni rahisi kuianza, lakini mnyororo huishia mfupi, kwa sababu ya hesabu ya Carothers. Wajapani waliiboresha katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya kimiminika kinachochemka na kuondoka pamoja na maji, ingawa kimiminika hicho nacho kinahitaji kutolewa baadaye. Njia inayotawala viwandani ni ya kuzunguka. Wanga au sukari huchachushwa na bakteria kuwa asidi ya laktiki, asidi hupangwa katika minyororo mifupi, minyororo hiyo hupashwa moto katika ombwe ili irudi kuwa pete za laktaidi, pete husafishwa, kisha hufunguliwa kwa kichocheo, kwa kawaida cha bati, zikawa mnyororo mrefu. Anayeifuata njia hiyo anatumia pande zote mbili za mmenyuko ule unaokwenda na kurudi.

Usafi wa pete ndio kila kitu. Maji kidogo au asidi kidogo ikibaki, minyororo inakuwa mifupi. Tena asidi ya laktiki ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mnyororo wenye umbo moja tu hujipanga vizuri na kuwa mgumu, wakati uliochanganyika huwa laini na huvunjika mapema. Kwa uzani, kilo 100 za asidi haziwezi kutoa zaidi ya kilo 80 za plastiki, kilo 20 ni maji yanayoondoka.

Kiwanda kikubwa cha kwanza kilifunguliwa Blair, jimbo la Nebraska, mwaka 2002, kikitumia mahindi, na kilijengwa kwa uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 Thailand ikapata cha tani 75,000, kinachotumia miwa. Mahindi, miwa na muhogo ni vitu ambavyo Afrika Mashariki inavijua. Miwa iko Moso, Kilombero na Kakira, na muhogo unalimwa Muyinga yenyewe. Lakini muhogo huo ni ugali wa watu, na wazo la kuugeuza kuwa mfuko wa kubebea ugali linastahili kuhojiwa kabla ya kushangiliwa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya bidhaa hizi hayapendi kulitaja. Ndani ya mwili kuna nyuzi joto 37 na maji saa zote. Katika mitambo ya mboji ya viwandani joto hufika nyuzi 58 hadi 60, na huko polilaktaidi huisha katika wiki au miezi michache: maji huikata kwanza, kisha vijidudu hula vipande. Udongo wa Gashoho, kwenye nyanda za juu, una joto la nyuzi 20 hivi. Kikombe cha polilaktaidi kikitupwa shambani hapo kinaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye. Neno inayooza katika sheria halina maana mpaka lisemwe inaoza wapi, kwa joto gani na kwa muda gani. Mbaya zaidi, mifuko mingine inayouzwa kwa jina hilo ni polithini ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya ipasuke vipande vidogo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku aina hiyo kwa sheria ya mwaka 2019.

Burundi ina shirika lake la viwango, BBN. Rwanda ina RSB, Kenya KEBS, Tanzania TBS, Uganda UNBS. Kila nchi imepiga marufuku au kudhibiti mifuko kwa maneno yake, na lori linalovuka Kobero kutoka Tanzania linakutana na maneno mapya upande wa pili. Mkaguzi aliye hapo hawezi kuitambua polilaktaidi kwa macho. Akikata kipande akakitia katika ndoo ya maji, polithini itaelea na polilaktaidi itazama, lakini plastiki ya chupa za soda nayo itazama. Akimimina chai inayochemka katika kikombe cha polilaktaidi ya kawaida, kitalegea, kwa kuwa inaanza kulainika karibu na nyuzi 60. Zaidi ya hapo anahitaji maabara, au cheti cha nchi jirani ambacho nchi yake imekubali kukiamini.